Singa ya mkonge na plastiki iliyoiangusha

Mwaka 1954 mkemia wa Italia, Giulio Natta, alipata namna ya kutengeneza polipropilini iliyokuwa imara kiasi cha kusokotwa kamba. Tanga wakati huo hakuna aliyekuwa na sababu ya kushtuka. Mashamba ya mkonge yalikuwa yakipanuka, na miaka kumi baadaye, mwaka 1964, nchi ilizalisha karibu tani 230,000 za singa. Kisha kamba ya plastiki ikaingia kwenye mashamba ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako wakulima walikuwa wakifungia nyasi na mabua kwa kamba ya mkonge, na bei ikaporomoka. Kutaifishwa kwa mashamba mengi mwaka 1967 nako kulikuwa na sehemu yake katika anguko hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa Tanzania haukufika hata tani 30,000.

Sasa polipropilini hiyohiyo imerudi kutafuta singa. Viwanda vya magari vya Ulaya vimekuwa vikiiyeyusha pamoja na nyuzi za kitani, juti, kenafu na mkonge ili kukandamiza milango ya ndani, rafu za nyuma na migongo ya viti. Maabara za vyuo zimejaa majaribio ya nyuzi za mimea ndani ya plastiki. Kila baada ya muda husikika ahadi kwamba mkonge utachukua nafasi ya nyuzi za kioo, zile ambazo mafundi wa boti wa pwani huziita faiba. Ahadi hiyo inastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu kuna watu wanaopanda mkonge wakiitegemea, na mkonge huchukua miaka isiyopungua miwili au mitatu kabla ya kukatwa jani la kwanza.

Msimamo wangu ni huu: nguvu ya singa inatosha kwa kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Kinachoikwamisha ni maji, pamoja na tofauti kubwa kati ya singa moja na nyingine. Na mambo hayo mawili, kwa sehemu kubwa, hutengenezwa au huharibiwa shambani, kabla singa haijaona kiwanda cha plastiki.

Tuanze na kazi yenyewe ya singa. Anayetaka kuiona kwa macho apite karakana yoyote ya jipsamu mjini Dar es Salaam. Fundi anapaka kalibu mafuta, anakoroga unga wa jipsamu na maji, anamimina tabaka jembamba. Kabla halijakaza anachukua fungu la katani, analichambua kwa vidole hadi singa zitawanyike kama wavu, analilaza juu ya jipsamu mbichi, analishindilia, kisha anamimina tabaka la pili. Kona ya dari iliyotengenezwa hivyo ikigongwa hupata ufa, lakini vipande havianguki, kwa kuwa singa zimevuka ufa na kuvishika pande zote mbili. Jipsamu ni hodari wa kustahimili kugandamizwa na dhaifu kabisa ikivutwa. Singa ndiyo inayoubeba ule mvuto. Kazi hii ya jipsamu, hapa kwetu, Nigeria na katika nchi za Ghuba, ni moja ya masoko makubwa ya mkonge leo.

Ndani ya plastiki singa hufanya kazi ileile, lakini kwa sharti moja: iwe ndefu ya kutosha ili plastiki ipate sehemu ya kuishika. Hapo ndipo panapotenganisha kuimarisha na kujaza. Unga wa mbao au pumba za mpunga zikichanganywa na plastiki hupunguza gharama na kuongeza ukakamavu kidogo, basi. Chembe zake ni fupi mno kubeba mzigo. Bidhaa nyingi zinazosifiwa kuwa zimeimarishwa kwa mimea zimejazwa tu, na mnunuzi ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Wazo lenyewe ni kongwe, na historia yake ina mtiririko unaojirudia. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Waingereza walipohofia kuishiwa aluminiamu, Norman de Bruyne aliloweka nyuzi za kitani kwenye rezini ya fenoli, na kiwiliwili cha majaribio cha ndege ya Spitfire kikaundwa kwa malighafi hiyo. Uhaba wa aluminiamu haukutokea, na kazi ikasimama. Agosti 1941 Henry Ford alionyesha mjini Dearborn gari lenye mabamba ya plastiki iliyotokana na mimea, ingawa kumbukumbu za mchanganyiko wake kamili hazikuhifadhiwa. Vita vikaingia, gari halikuundwa tena. Ujerumani Mashariki, iliyokosa chuma cha mabati, ndiyo iliyofika mbali zaidi: gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau kati ya 1957 na 1991, lilikuwa na mwili wa mabaki ya pamba kutoka Umoja wa Kisovieti yaliyokandamizwa kwa joto pamoja na rezini ya fenoli. Yalitoka magari takriban milioni 3. Anayesema nyuzi za mimea haziwezi kuundia gari barabarani ana jambo la kueleza mbele ya idadi hiyo.

Ila kila mara mmea uliitwa kwa sababu kitu kingine kimekosekana, na kikirudi mmea huagwa. Uliouweka kando kwa muda mrefu zaidi ni uzi wa kioo, uliopata kampuni yake kubwa ya Marekani, Owens-Corning, mwaka 1938. Kioo kilikuwa na nguvu, hakikuoza, na kila uzi ulifanana na mwenzake.

Safari hii kinachosukuma ni uzito na sheria. Gari jepesi linakula mafuta kidogo, na la umeme linakwenda mbali zaidi kwa betri ileile. Umoja wa Ulaya nao, kwa maelekezo yake ya mwaka 2000 kuhusu magari yaliyochakaa, ulitaka ifikapo mwaka 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena au irejeshwe kwa namna fulani. Nyuzi za kioo ni mzigo katika hesabu hiyo: zikichomwa haziungui, zinabaki majivu yaliyoyeyuka na kung'ang'ania tanuri. Mercedes-Benz iliweka mikeka ya kitani na mkonge kwenye milango ya ndani ya E-Class katika miaka ya 1990, na katikati ya miaka ya 2000 kampuni hiyo ikatumia abaka ya Ufilipino, ndugu wa mgomba, kwenye kifuniko cha chini cha tairi la akiba cha A-Class, sehemu inayopigwa na maji na mawe ya barabarani.

Hapa kuna hesabu ambayo watu wengi huiruka, nayo ndiyo msingi wa biashara nzima. Uzi wa kioo una nguvu ya kuvutwa ya megapaskali 2,000 na zaidi. Singa ya mkonge huwa kati ya 350 na 700. Kwa ukakamavu, kioo kina gigapaskali 70 hivi, mkonge kati ya 9 na 22. Ukisimama hapo, mkonge umeshindwa vibaya. Lakini sentimita moja ya ujazo ya kioo ina gramu 2.5 au zaidi, na ya singa gramu 1.4 au 1.5. Mlango wa ndani wa gari hauvutwi, unapindwa. Na ubao unaopindwa una tabia yake: ukiuongeza unene mara mbili, ukakamavu wake huongezeka mara nane. Kwa uzito uleule, malighafi nyepesi inakuruhusu kutengeneza ubao mnene zaidi, na unene huo unarudisha sehemu kubwa ya kile ambacho singa moja moja imekosa. Ndiyo maana nyuzi za mimea zimeshika milango, dari na rafu za magari, na hazijashika springi wala fremu. Mpaka huo umewekwa na fizikia, na sioni sababu ya kuuonea aibu.

Sasa maji. Singa ni selulosi kwa kiasi cha theluthi mbili, iliyoshikwa na hemiselulosi na lignini. Selulosi na hemiselulosi zimejaa vikundi vya haidroksili vinavyovuta maji. Polipropilini, ambayo asili yake ni mafuta, inayakimbia. Ukivunja kipande cha plastiki chenye mkonge usiotibiwa na kukiangalia kwa hadubini, utaona singa zimechomoka nzima, na pale zilipokuwa pamebaki matundu laini matupu. Maana yake plastiki haikuzishika. Nguvu za singa hazikutumika hata kidogo, zilikuwa abiria.

Dawa zipo na zinajulikana. Ya zamani ni kuloweka singa kwenye kostiki soda nyepesi, njia iliyotokana na ile aliyoisajili Mwingereza John Mercer mwaka 1850 kwa ajili ya pamba. Kostiki huondoa nta na sehemu ya hemiselulosi, ikaacha uso wa singa ukiwa na mikwaruzo ambayo plastiki inaweza kuing'ang'ania. Ikiwa kali mno huila selulosi yenyewe. Mtafiti kutoka Tanzania, Leonard Mwaikambo, pamoja na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, walichapisha mwaka 2002 kazi iliyochunguza jinsi kostiki inavyobadili hempu, mkonge, juti na usufi, na kazi hiyo bado inarejewa na watafiti duniani kote. Dawa ya pili ni kuichanganya polipropilini na kiasi kidogo cha polipropilini nyingine iliyopandikizwa anhidridi ya maleiki: upande mmoja wa molekuli hushikana na singa, mwingine hujifunga na plastiki. Viwandani ndiyo inayotumika zaidi, kwa kuwa haiachi maji machafu ya kostiki ya kutafutiwa pa kumwaga.

Hata hivyo hakuna dawa inayoifanya singa isahau maji kabisa. Robota la mkonge lililokaushwa vizuri bado lina unyevu wa asilimia 10 hivi. Likiingia kwenye mashine ya plastiki likiwa hivyo, maji hugeuka mvuke na kuacha mapovu ndani ya bidhaa. Lazima singa zikaushwe tena hadi chini ya asilimia 2 au 3, na zitumike mapema, maana katika hewa ya mwambao hunywa unyevu upya ndani ya saa chache. Bidhaa ikishatoka, pale ambapo singa imechungulia kwenye kingo zilizokatwa, maji huingia taratibu. Singa huvimba, plastiki hupata nyufa ndogondogo, ukungu hufuata. Kwa mlango wa ndani si tatizo kubwa. Kwa tangi la maji au mtumbwi ni tatizo kubwa sana, na mtu anayeuza mtumbwi wa mkonge na plastiki bila kueleza jinsi alivyoziba kingo anamhatarisha mvuvi.

Joto nalo lina mpaka wake. Singa huanza kuharibika ikizidi digrii 200: hemiselulosi hutangulia, rangi hugeuka kahawia, na harufu ya kuungua hubaki kwenye bidhaa. Harufu hiyo imekuwa kero halisi kwa watengenezaji wa magari, kwa sababu gari lililofungwa juani huitoa yote. Polipropilini huyeyuka kwenye digrii 165 hivi, polietilini kwenye 130, kwa hiyo hizo mbili zinaingiliana na mkonge. Plastiki ya chupa za maji huyeyuka kwenye 250 na kitu, hivyo haifai. Mtu anayekusanya taka za plastiki Buguruni au Mombasa akae na jambo hili: chupa haiwezi kuchanganywa na mkonge, lakini kifuniko chake, ambacho ni polietilini au polipropilini, kinaweza. Vivyo hivyo makreti mabovu, madumu na ndoo.

Tanzania ina somo lake tayari kuhusu kuoanisha singa na kitu kisichoielewa. Miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa hapa walishirikiana na Uswidi kujaribu mabamba ya kuezekea yaliyotengenezwa kwa saruji na mkonge. Yakiwa mapya yalikuwa imara. Baada ya misimu kadhaa ya mvua na jua yalianza kukatika, kwa sababu maji ndani ya saruji ni alkali kali na yaliimumunya lignini na hemiselulosi iliyofunga seli za singa. Singa zilikuwapo bado, zimelegea tu. Plastiki haina kosa hilo, na kwa maoni yangu hii ni hoja nzito kwa upande wa plastiki kuliko sifa zote za uzuri wa mazingira zinazopigiwa debe.

Twende shambani, maana ndiko jambo linakoamuliwa. Jani hukatwa, hufungwa mzigo, hupelekwa korona. Korona ni ngoma zenye visu butu zinazolipiga jani huku maji yakimwagwa; nyama ya kijani hutolewa, singa hubaki. Katika uzito wote wa jani, singa ni asilimia 4 hivi au pungufu. Singa huanikwa kwenye waya juani, hupelekwa kwenye brashi kung'arishwa na kunyooshwa, hupangwa madaraja, hushindiliwa marobota. Kila hatua ina nafasi ya kuharibu. Jani lililolala muda mrefu kabla ya korona husagika vibaya. Korona iliyokazwa mno huvunja singa, iliyolegea huacha nyama inayooza. Maji yakiwa machache, utomvu hubaki juu ya singa na baadaye huzuia plastiki kushika. Mvua ikiikuta singa kwenye waya, madoa na ukungu huanza hapo.

Na hata kazi ikifanywa vizuri, singa ya kitako cha jani si sawa na ya katikati, wala jani la mmea mchanga si sawa na la mmea uliozeeka. Ndiyo sababu takwimu za nguvu nilizotaja zinatoka 350 hadi 700. Pengo hilo ni la mmea wenyewe. Mhandisi wa plastiki huhesabu kwa kufuata singa dhaifu, hivyo singa nzuri zinauzwa kwa bei ya mbaya.

Madaraja yetu hayamsaidii. Yalibuniwa kwa ajili ya wasokota kamba: urefu, rangi, usafi. Daraja la 3L hudai singa isiyopungua sentimita 90, jambo la maana sana kwa mashine ya kusokota. Kiwanda cha plastiki kinachotumia mikeka huikata singa vipande vya sentimita chache. Kile kinachotengeneza chembe za kuyeyushia huipitisha kwenye parafujo ya moto inayoivunjavunja hadi milimita chache au chini yake. Urefu aliolipia hauna kazi kwake. Anachotaka kujua ni unyevu, unene wa singa na jinsi unavyotofautiana, kiasi cha utomvu na vumbi, na joto ambalo singa hiyo huanza kubadilika. Hayo hayaandikwi kwenye robota.

Upande wa pili wa jambo hilo ni fursa. Singa fupi, zile zinazobaki kwenye brashi na zile zinazoanguka na maji ya korona, huuzwa kwa bei ya chini au hutupwa. Kwa plastiki zinafaa karibu sawa na ndefu, zikioshwa na kukaushwa. Sijaona hoja ya kiuchumi yenye nguvu kuliko hii katika mada nzima, nami nasikitika kwamba semina nyingi huanzia kwenye milango ya magari ya kifahari badala ya kuanzia kwenye mfereji wa korona.

Nyuzi nyingine za ukanda huu nitazipitia kwa haraka. Usumba wa nazi, ambao wanawake wa Unguja na Pemba huupata kwa kufukia makumbi ufukweni kwa miezi kisha kuyatwanga, una lignini nyingi, hunyumbuka sana na huvumilia maji ya chumvi. Hauongezi ukakamavu, ila hufaa kwa viti na vizuia mtikisiko. Brazil, mradi wa POEMA katika jimbo la Pará, ulioanza miaka ya 1990, ulifunga usumba kwa utomvu wa mpira na kutengeneza viegemeo vya vichwa na viti vya malori ya Daimler, kazi kubwa ikifanyika karibu na vijiji vyenyewe. Mgomba wa Uganda na Kagera una nyuzi nzuri zinazooza shambani, ingawa kuzikusanya kutoka kwa wakulima wadogo ni gharama. Makapi ya miwa yana mwenyewe tayari: viwanda vya sukari huyachoma kuendeshea mitambo.

Kuhusu mazingira, ukweli una pande zake. Kutengeneza kilo moja ya mkeka wa nyuzi za kioo hula nishati takriban mara tano ya mkeka wa kitani. Fundi wa nyuzi za mimea hawashwi ngozi, visu vya mashine haviliki haraka. Lakini polipropilini yenye mkonge haiozi. Singa iliyozungukwa na plastiki imefungiwa, na ikitupwa dampo itakaa kama plastiki nyingine. Inaweza kuyeyushwa tena mara chache, kila mara singa zikifupika. Ikifungwa kwa rezini isiyoyeyuka haina hata nafasi hiyo: maelfu ya miili ya Trabant yalibaki bila pa kupelekwa baada ya 1991. Na mkonge wenyewe haukosi dhambi. Vumbi la vyumba vya brashi limesababisha matatizo ya kupumua kwa wafanyakazi wa mashamba, na maji ya korona yakimwagwa mtoni huua samaki. Kiwanda cha Ulaya kinachojivunia mlango wa kijani kinapaswa kuulizwa kuhusu barakoa na mifereji ya Korogwe na Muheza pia.

Kwa hiyo pa kuanzia hapa kwetu, kwa mizani yangu, ni bidhaa zisizokaa majini na zisizobeba roho za watu: makreti ya matunda na soda, mbao za dari, paleti za maghala, viti vya shule. Malighafi ni madumu na vifuniko vilivyookotwa, singa fupi za korona, na polipropilini yenye anhidridi ya maleiki ambayo italazimika kuagizwa. Tanuri la kukaushia lazima liwe hatua chache kutoka kwenye mashine, si wilaya nyingine. Na shamba linalotaka kuuza kwa kiwanda hicho litundike kwenye kila robota karatasi yenye mambo manne: unyevu siku ya kufungwa, umri wa mmea uliokatwa, unene wa singa kwa wastani na tofauti yake, na kama zimeoshwa baada ya korona. Vifaa vya kupima hayo ni mizani, tanuri dogo na hadubini ya kawaida. Robota lenye karatasi hiyo linaweza kuuzwa kwa mkandamiza milango wa Ujerumani au kwa mtengeneza makreti wa Dar es Salaam, na bei yake haitalazimika tena kupanda na kushuka na bei ya kamba.